“Ana tatizo la mishipa” – mishipa ipi? Uzi wa maneno ya ubongo, ugwe na neva

MezaYaMazoezi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Kazi yangu ni mazoezi tiba, ile wengi mnaiita fizio. Wanaonijia wametoka kwa daktari na karatasi mkononi, na ukiwauliza wameambiwa wana nini, jibu ni lile lile: “Mishipa.” Aliyepata kiharusi, mishipa. Mwenye kisukari ambaye nyayo zinamwaka usiku, mishipa. Aliyeinua gunia la mahindi akabaki amejikunja, mishipa. Mzee wa pwani mwenye ngiri, naye mshipa.

Matibabu ya watu hao wanne hayafanani hata kidogo, lakini wote wameshapita kwa muuza dawa yule yule na kununua chupa ile ile ya “kufungua mishipa”. Ndiyo sababu ya uzi huu. Sifundishi udaktari humu. Nataka ukishika karatasi ya mgonjwa wako ujiulize kwanza: shida iko wapi? Maneno karibu yote ya mfumo wa fahamu, hata yale yanayotisha, hujibu swali hilo kabla ya jingine lolote.

Tuanze na mshipa wenyewe. Neno hili tumelibebesha njia ya damu, uzi wa fahamu, kano inayoshikiza msuli kwenye mfupa, na juu yake ngiri na busha. Msidhani ni umaskini wa Kiswahili. Kwa Wagiriki wa kale neuron ilikuwa kano, hata kamba ya upinde. Ni wapasuaji wa Aleksandria kama Herofilo, karibu miaka 300 kabla ya Kristo, waliotenganisha nyuzi zinazotoka kwenye ubongo na ugwe (kamba ya fahamu iliyo ndani ya mgongo) na kuonyesha kwamba hizo zina kazi yake. Neno likabaki, maana ikahama. “Neva” yetu imepitia Kilatini na Kiingereza, lakini ukoo ni huo huo.

Basi humu tukubaliane. Ateri na vena ni za damu. Kano ni kano. Neva, au mshipa wa fahamu kama wanavyosema pale MOI, taasisi ya mifupa na mishipa ya fahamu Muhimbili, ni fungu la nyuzi zinazopeleka taarifa. Haina tundu la kupitisha damu, kwa hiyo haizibi, na isiyoziba haifunguliwi kwa chupa ya mtu yeyote.

Shida inaweza kukaa ubongoni, kwenye ugwe, au kwenye neva za pembeni. Ugwe ni ile kamba laini inayoteremka ndani ya mfereji wa pingili za mgongo. Wengi huiita uti wa mgongo, ila uti wa mgongo huo huo ndio pia jina la mifupa, na hapo watu hupotea. Ndiyo maana nasema ugwe. Neva za pembeni ni zile zinazotoka nje: jozi 12 moja kwa moja kutoka kichwani, zinazohudumia macho, uso, ulimi, koo na kadhalika, na jozi 31 kutoka kwenye ugwe.

Hizo jozi 31 ndizo zinazozaa herufi na namba mnazoziona kwenye majibu ya picha ya MRI. C ni shingo, T ni sehemu ya kifua, L ni kiuno, S ni lile fupa la chini ya kiuno. Imeandikwa L4-L5? Wanazungumzia diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno. Kuna kitu kimoja kinachowachanganya hata wanafunzi wa uuguzi: pingili za shingo ni 7 lakini neva za shingo ni jozi 8. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Neva ya kwanza inatokea juu ya pingili ya kwanza, na ya nane inatokea chini ya pingili ya saba.

Sasa mikia ya maneno. Neno likiishia na -plejia, kiungo kimepooza kabisa. Likiishia na -paresisi, kimedhoofu lakini bado kinajaribu. Kwangu tofauti hiyo ni kubwa sana, kwa sababu kinachojaribu nina pa kuanzia. -Aljia ni maumivu, -pathia ni ugonjwa kwa ujumla, -itisi ni mwako na uvimbe. Mbele ya neno kuna hemi, upande mmoja wa mwili. Para, miguu yote miwili. Kwadri au tetra, mikono na miguu yote. (Nayaandika tunavyoyatamka, kwenye karatasi tahajia ni ya kizungu.) Hemi mara nyingi inakupeleka ubongoni. Para inakupeleka kwenye ugwe. Ganzi inayoanzia vidole vya miguu yote miwili na kupanda polepole inakupeleka kwenye neva za pembeni. Si kila mara, ila mara nyingi kiasi cha kukuonyesha swali la kumuuliza daktari.

Na msigombane na mtu wa picha. Mgonjwa amepooza mkono na mguu wa kulia, CT-Scan inasema tatizo liko upande wa kushoto wa ubongo, ndugu wanakuja juu kwamba wamepewa picha ya mtu mwingine. Nyuzi za kuamrisha misuli huvuka upande sehemu ya chini ya shina la ubongo, kabla hazijaingia kwenye ugwe. Kushoto kunaendesha kulia. Na kwa watu wengi lugha pia inakaa kushoto, ndiyo maana aliyepooza kulia mara nyingi na maneno yanamkimbia. Hiyo kwenye karatasi inaitwa afasia, na haina maana kwamba amepungukiwa akili. Msimzungumzie kama hayupo.

Karibuni.

FundiWaKinondoni

Mkuu umenigusa kwenye fani. Mimi ni fundi umeme. Mteja anapiga simu, “taa ya chumbani imekufa”, kumbe ameshanunua balbu tatu. Tatizo linaweza kuwa balbu, waya ukutani, au mita nje. Asiyejua aanzie wapi anamaliza hela dukani. Endelea, nimekaa siti ya mbele.

BintiMvita

Sisi huku Mombasa ukisema mzee fulani ana mshipa, watu watatazama kanzu yake kwanza. Nimecheka peke yangu kwenye matatu. Ila kwa kweli nyanya yangu alipopata kiharusi tuliambiwa “mshipa wa kichwa umepasuka”, nami miaka yote nadhani ni neva iliyopasuka. Kumbe siyo?

MezaYaMazoezi

Dada BintiMvita, siyo. Huo ni wa damu. Kiharusi ni ajali ya damu inayoumiza ubongo: ama ateri imezibwa na damu iliyoganda, na hiyo ndiyo aina iliyo nyingi zaidi, ama imepasuka na damu ikamwagika. Dalili zinafanana, tiba zinapingana. Ya kuziba huenda ikahitaji dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na hiyo dawa ukimpa mwenye mpasuko umemmaliza. Ndiyo maana picha hupigwa kabla ya dawa. Na ndiyo maana simpendi jirani anayekuja na asprini saa hiyo hiyo, hata kama ana nia njema.

MamaWawili_Tanga

Shikamoo wakubwa humu, na wadogo marahaba. Naomba kuuliza bila kuchekwa. Mwanangu alipata homa na degedege, hospitali wakataka kumtoa maji ya uti wa mgongo. Bibi yake akakataa katakata, anasema mtoto akitolewa yale maji hufa au hupooza, amewaona kwa macho yake. Tulibishana mpaka tukaruhusu, mtoto yuko salama anasoma. Lakini bibi mpaka leo anasema tulibahatisha. Je, ile sindano haigusi ugwe kweli?

MezaYaMazoezi

Marahaba mama, na hili nitakaa nalo kidogo, maana nimeona familia zikigawanyika kwa ajili yake.

Ugwe hauteremki mpaka mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo kuna neva zinazoning'inia ndani ya maji, na wapasuaji wa zamani waliziita kwa Kilatini “mkia wa farasi”. Sindano inaingizwa chini ya mwisho wa ugwe, kati ya L3 na L4 au L4 na L5. Kwa mtoto mchanga ugwe unafika chini kidogo zaidi, kwa hiyo hawapandi juu. Neva zinazoelea majini huikwepa sindano. Mtu anaweza kupata shoti mguuni kwa sekunde moja, au kuumwa kichwa siku kadhaa baadaye, hayo yapo. Kupooza kwa sababu sindano imechoma ugwe, pale haupo wa kuchomwa.

Bibi hakudanganya alichokiona. Wanaotolewa maji ni watoto ambao tayari daktari ana wasiwasi wana menenjaitisi (homa ya uti wa mgongo), na huo ugonjwa unaua na unaacha viziwi na waliopooza. Watu waliona sindano, hawakumwona bakteria. Kuna wagonjwa ambao daktari mwenyewe huahirisha kuwatoa maji, kwa mfano akihofia shinikizo kubwa ndani ya fuvu, na hilo ni haki yako kuuliza kabla hujasaini.

Jina nalo lina lawama. Tunaita “homa ya uti wa mgongo”, mtu anadhani ni ugonjwa wa mgongo. Kinachougua ni tando tatu zinazofunika ubongo na ugwe wote. Tando hizo zina hadithi tamu: waganga Waarabu waliziita umm, mama, wa nje mama mgumu na wa ndani mama mwembamba. Mfasiri wa karne ya 12 alipozipeleka kwenye Kilatini, mama mwembamba akatoka mama mchamungu, kwa Kilatini “pia mater”, na mchamungu yumo vitabuni mpaka leo.

Mlalamishi_Namba1

Haya ndiyo matatizo yetu. Mnahangaika na mama mchamungu wakati lugha yenyewe haina maneno. Sayansi ina Kilatini na Kigiriki chake, waachieni wenyewe. Hipokampasi utaiitaje kwa Kiswahili? Acheni kulazimisha.

MezaYaMazoezi

Kaka, mimi sijamlazimisha mtu, nimetumia C na T na L humu bila haya. Ila unayapa hayo maneno heshima ambayo waliyoyatunga hawakuwa nayo akilini. Hipokampasi ni jina la yule samaki mdogo, farasi wa bahari. Mwitaliano Aranzi, miaka ya 1580, alipasua ubongo akaona kitu kimejikunja vile, akakiita vile. Amigdala ni lozi. Talamasi ni chumba cha ndani. Serebelamu ni “ubongo mdogo”, basi. Walitazama, wakataja walichokiona.

MkuryaHalisi

Na si kila neno ni la Wagiriki. Waulizeni wazee wa Tarime miaka ya 1985 hivi, njaa na ukame, watu wakaharakisha mihogo michungu. Mtu analala mzima, asubuhi miguu imekakamaa. Madaktari walipofika wakasema ugonjwa una jina tayari: konzo.

MezaYaMazoezi

Mkuu umeniwahi, asante! Konzo ni neno la Wayaka wa Congo, linabeba maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938, na leo liko hivyo hivyo, konzo, kwenye vitabu vya neva vya dunia nzima. Hakuna aliyelitafsiri.

Tena ni mfano mzuri wa swali letu la wapi. Miguu haina kidonda, misuli ipo, neva za mguuni zinafanya kazi, na ukigonga goti mguu unaruka kupita kiasi. Kilichoharibika ni nyuzi ndefu zinazotoka ubongoni kuamrisha miguu. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, inayotoka ukilowekwa na kukaushwa ipasavyo. Njaa inapunguza siku za kuloweka, na mlo usio na protini unaunyima mwili nyenzo za kuivunja sumu iliyobaki. Ukishapata konzo hairudi nyuma, ila pia haiendelei kuongezeka. Mtu anaishi nayo. Kumkanda miguu kwa mafuta hakuifikii shida ilipo, ingawa mazoezi yanamsaidia asikakamae zaidi.

DukaLaDawa_Moro

Mimi nipo upande wa pili wa kaunta. Wateja wanaingia, “nipe vidonge vya mishipa”, wanataka vitamini B. Ganzi, B. Kiuno, B. Usingizi, B. Nisipouza watakwenda duka la jirani. Mnasemaje?

MezaYaMazoezi

Ndugu yangu, vitamini B zina mahali pake. Mgonjwa wa TB anayetumia isoniazidi hupewa B6 kwa sababu hiyo dawa inaweza kuumiza neva. Aliyepungukiwa B12 atafaidika kweli. Lakini B6 yenyewe ikimezwa kwa wingi kwa muda mrefu huleta ganzi ile ile uliyokuwa unaikimbia. Na mwenye nyayo zinazowaka, kabla ya kidonge apimwe sukari. Neuropathia ya kisukari huanzia ncha za mbali, vidole vya miguu, inapanda kama soksi, baadaye vidole vya mikono. Mwenye ukoma naye neva zake zinaumia, hasa ile inayopita nyuma ya kiwiko. Ukimwuliza mteja “imeanzia wapi, upande mmoja au yote?” umeshamsaidia kuliko kidonge.

Anti_Zuhura

Niulize la haraka, mkanda wa jeshi ni neva au ngozi? Nimeugua, maumivu sina hamu. Na kwetu walisema ncha mbili zikikutana unakufa.

MezaYaMazoezi

Pole anti. Ni neva inayojionyesha kwenye ngozi. Kirusi cha tetekuwanga ya utotoni hakikuondoka, kilijificha kwenye vifundo vya neva kando ya ugwe. Kinga ikishuka kinaamka na kusafiri juu ya neva moja hadi kwenye ngozi inayohudumiwa nayo, na neva za kifua zinazunguka ubavu, ndiyo maana unaona mkanda wa upande mmoja ukikomea katikati. Ncha kukutana hakuui. Ikitokea pande mbili au mwili mzima, daktari atataka kujua hali ya kinga yako. Ikipanda karibu na jicho, nenda siku hiyo hiyo.

BabaJunior_Mwz

Mkubwa, mtoto wa dada yangu ana miaka mitatu. Alichomwa sindano ya tako kwenye duka fulani la dawa mtaani, kesho yake akaanza kuburuta mguu. Kila mtu anasema “ilimpata kwenye mshipa”. Huu ni wa damu au wa fahamu?

MezaYaMazoezi

Kama ndivyo, ni wa fahamu, na ni ule mkubwa kuliko yote mwilini, siatika. Mizizi yake inatoka L4 mpaka S3, unapita ndani ya tako na kuteremka nyuma ya paja. Sindano ya tako inatakiwa robo ya juu kwa nje, na kwa mtoto mdogo paja la mbele upande wa nje ni salama zaidi. Ikigusa neva, mara nyingi kinachoonekana ni unyayo kuning'inia, hawezi kuuinua.

Lakini BabaJunior, usiishie kwenye hadithi ya sindano. Mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla ni lazima aripotiwe kituo cha afya ili achunguzwe polio, hata kama wote mna uhakika ni sindano. Watachukua choo chake kupima. Mpeleke kesho, halafu mapema aanze kufungiwa kifaa cha kushikilia unyayo usije ukakakamaa ukiwa chini. Neva iliyoumia bila kukatika inaweza kurudi, ila inakwenda taratibu mno, karibu milimita moja kwa siku, kwa hiyo tunahesabu miezi.

BabaJunior_Mwz

Kesho asubuhi. Asante sana mkuu.

Mjukuu_wa_Songea

Nimesoma uzi wote mara mbili. Babu yangu ametoka hospitali ya mkoa, karatasi ina maneno matatu nisiyoyaelewa: paraparesisi, T10, na jina la mtu, Pott. Nimejaribu mwenyewe: para ni miguu yote, paresisi bado inajaribu, T ni kifua. Hapo Pott ndipo nimekwama. Ni daktari wake?

MezaYaMazoezi

Umefanya kazi nzuri mjukuu. Pott ni mpasuaji Mwingereza, aliandika habari ya ugonjwa huu mwaka 1779. Majina ya watu ndiyo maneno mabaya kuliko yote kwenye fani hii, kwa sababu hayakuambii wapi. Parkinson ni daktari wa London aliyeandika mwaka 1817, Bell ni wa kupooza uso, usipoambiwa hutajua. Ugonjwa wa Pott ni TB ya pingili za mgongo. Pingili inaliwa, inabonyea, usaha au mfupa unaubana ugwe.

T10 hapo inawezekana ni pingili iliyoharibika, au ni kiwango ambacho babu anaanza kupoteza hisia. Jaribu: T10 kwenye ngozi ni usawa wa kitovu. Mguse taratibu na pamba kutoka kifuani kushuka, akuambie inapobadilika. Usishangae vikipishana kidogo na karatasi, kwa sababu ugwe ni mfupi kuliko mfereji wake na namba za neva na za mifupa hazilingani mstari kwa mstari.

Muulizeni daktari mambo mawili. Dawa za TB zimeanza lini, maana za mgongo kwa kawaida huchukua muda mrefu kuliko za mapafu. Na je, mgongo wake ni imara kiasi cha kukaa na kusimama, au anahitaji mkanda wa kuushikilia kwanza, au upasuaji? Mpaka mjibiwe hilo msimkalishe kwa nguvu wala msimpeleke kwa mkandaji. Akianza kushindwa kukojoa, au miguu ikizidi kulegea, rudini siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.

Mjukuu_wa_Songea

Nimemgusa na pamba. Inabadilika vidole viwili chini ya kitovu. Anauliza wewe ni mtoto wa nani.